Mtani Asiyeanguka

Pili ni fundi cherehani wa sare za shule, na baraza lake pale Mwembesongo ndilo baraza langu pia. Cherehani yake iko upande wa barabarani wateja wanakopita, yangu iko upande wa chooni, kwa sababu yeye alitangulia kupanga. Hilo atakukumbusha hata kama hujamuuliza. Kwa Pili, aliyetangulia ana haki na aliyekuja nyuma asubiri. Ndiyo maana nasema ugonjwa wake haukuanzia kwenye jujitsu, mchezo ule wa kukabana na kupinduana chini. Jujitsu iliukuta tu.

Alivyoingia huko ni hivi. Mwalimu Luqmani, kijana wa Bigwa aliyejifunza mchezo huo Dar, alifungua klabu kwenye ghala moja lililokuwa la mahindi. Akapanga magodoro, akayafunika turubai, akasema huo ndio mkeka. Kimono za dukani, yale makoti ya mchezo, zilikuwa ghali, basi akaja barazani kwetu kuuliza nani anaweza kushona koti zito lenye kola isiyochanika hata mtu akining'inia. Pili akawahi kusema yeye. Akaenda ghalani kupima watu, akamwona binti mwembamba amelala chali anampindua mwenzake mwenye mwili wake, akarudi macho yamemtoka. Wiki iliyofuata alikuwa amejishonea la kwake. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mama wa watoto wanne! Nikamwambia atavunjika nyonga. Akanijibu kwamba mgongo wake umeinamia cherehani tangu yuko mwari, acha sasa ukalale chini kidogo.

Mimi Maimuna sijaingia mkekani na sitaingia, magoti yangu nayajua mwenyewe. Lakini jioni nilikuwa naongozana naye, nakaa kwenye benchi na shughuli yangu ya kutia vifungo. Anayekaa benchini huona mengi kuliko anayebanwa shingo.

Somo lao la mwanzo linaitwa gadi. Unalala chali, mwenzako amepiga magoti katikati ya miguu yako, nawe unamzungushia miguu kiunoni na kuifunga nyuma ya mgongo wake. Marehemu mama yangu angeona angetoka nje akitema mate. Lakini ndiyo ngome yao hiyo, na wanawake walikuwa wakishindana na wanawake. Kutoka hapo unatakiwa umpindue, wewe uwe juu na yeye awe chini. Mpinduo wa kwanza wanauita mkasi. Unamshika kola na mkono wa koti, unafungua miguu, unasogeza kiuno pembeni, unalaza muundi wako tumboni mwake na mguu mwingine unaulaza chini karibu na goti lake. Halafu unamvuta mpaka uzito wake wote ukujie wewe. Hapo ndipo miguu inakata, mmoja kwenda huku na mwingine kule, na mtu anakwenda chini.

Pili kusikia mkasi akaona kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba aliwapindua wasichana wote wa pale. Prisca, binti wa wakulima wa mboga wa kule milimani anayesomea uuguzi mjini, alikuwa akipinduliwa mara mbili tatu kila jioni. Wasichana wakifika walimpa shikamoo, wakampokea mkoba, wakaingia naye mkekani, wakaanguka. Mwalimu Luqmani akipita alikuwa akisema, "Mama, unakata kabla hujavuta. Vuta kwanza." Pili akamjibu, "Mbona wanaanguka?" Mwalimu akakuna kichwa na kurudi kwa wanaume wake.

Hiyo ilikuwa raha yake. Akirudi barazani alikuwa akinionyesha kwa viti. Nakumbuka aliwahi kumpindua mteja mmoja kwa maneno tu, mpaka yule mama akasahau kudai chenji ya kitambaa.

Ndipo akaja Nasra.

Nasra ni mwanamke wa thelathini na kidogo, anashusha ndizi na mafenesi kutoka Mkuyuni na kuuza sokoni. Aliwahi kuolewa Turiani, akaachwa kwa sababu hakupata mtoto, akarudi bila kinyongo usoni. Sauti yake inamtangulia mlangoni. Siku ya kwanza tu wakaulizana koo zao na Pili, kumbe ni watani. Koo zao zimetaniana tangu enzi za mababu.

"Ahaa!" Nasra akapiga kofi. "Nyie ndio mliofukuzwa mlimani kwa wizi wa magimbi!"

"Na nyie ndio mliotufukuza," Pili akamrudishia, "ili mkayale peke yenu."

Ghala zima lilicheka. Kwetu mtani ni mtani. Anaweza kukutukana kwenye msiba wa mama yako mzazi, akaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, nawe ukacheka na machozi yako. Atachukua kiatu chako akakuambia ukikomboe. Hukasiriki, maana ukikasirika ni wewe uliyekosa adabu.

Wakaingia mkekani, Nasra kaazimwa koti moja la klabu. Pili akalala chali, akafunga gadi, akashika kola, akafungua miguu, akakata. Nasra hakuanguka. Alikaa vilevile juu ya magoti yake, akatazama chini na kusema, "Mtumwa wangu, unanikata kucha?" Pili akakata tena, na tena. Kisha wakabadilishana, Nasra akalala chini, naye alikuwa ndio kwanza kafundishwa jioni ileile. Akamvuta Pili kifuani kama anamkumbatia, miguu ikapita, Pili akajikuta anatazama mabati ya ghala.

Tulirudi pamoja. Tulipofika kwenye daraja akasimama. "Koti alilovaa nani kashona?"

"Wewe."

"Ananipindua na koti langu," akasema, na akaendelea kutembea.

Tangu hapo wivu ukamwingia, na sitatafuta neno la kuupamba. Alimwonea wivu kwa sababu mwalimu alimwita yeye Nasra mbele kuonyesha mkasi. Alimwonea wivu kwa ndizi alizowaletea wasichana, kwamba anawanunua. Alimwonea wivu kile kicheko. Alikuwa akikanyaga cherehani huku akisema peke yake, "Amekuja juzi. Juzi tu!" Nikamwambia kutangulia si kufika. Hakunisemesha mpaka adhuhuri, na aliponisemesha alitaka nimrudishie sindano zake.

Nasra alipoagiza koti lake mwenyewe, Pili akalibana makwapa makusudi. Nilimwona kwa macho yangu akipunguza kitambaa, nikamwambia, "Dada, hapo mkono hautainuka." Akasema ndiyo mtindo. Nasra akalivaa, akajaribu kunyanyua mikono, akashindwa, akatembea ghala zima mikono imembana kama maiti aliyevikwa sanda. "Jamani, mtani kanizika mzima!" Watu wakagaragara. Halafu akaingia nalo mkekani hivyohivyo, akampindua. Mshono wa kwapa ukaachia wenyewe.

Na hapa ndipo ninapoona shida ya utani. Pili alikuwa akimwambia Nasra kila kitu kilichokuwa moyoni mwake. "Sikupendi." "Ungebaki kwenu Mkuyuni." "Nikikuona naumwa kichwa." Na kila akisema, Nasra alicheka na kumrudishia kubwa zaidi. Wivu wa watu wengine hufichwa. Wa Pili ulitangazwa kila jioni mbele ya watu wote, na hakuna aliyeusikia.

Basi akina mama wa Bigwa wakamwendea Mwalimu Luqmani. Walitaka binti zao wafundishwe siku ya Jumamosi, lakini mwalimu awe mwanamke, vinginevyo hawawatoi. Luqmani akawaambia anao wanawake wawili watu wazima, Pili na Nasra. Akatangaza kwamba atawashindanisha mbele ya hao akina mama. Kila mmoja ataanza chini kwenye gadi, na atakayempindua mwenzake anayekaza kwelikweli ndiye mwalimu wa Jumamosi.

Usiku ule Pili hakula, nilielezwa na mwanawe. Asubuhi aliniambia mwenyewe. Alimaliza darasa la saba, akafaulu, na mjomba wake akasema nauli ya kwenda sekondari hakuna. Tangu hapo anawashonea sare watoto wa watu. Anazipiga pasi, anazikunja, zinaingia darasani, yeye anabaki barazani. "Nataka waniite mwalimu, Maimuna," akasema. "Jumamosi kwa Jumamosi. Hata wakiwa watoto wanane."

Nilimwonea huruma, na huruma yangu kwa Pili si kitu kinachokuja kila siku.

Nasra naye jioni ile alisema, "Darasa langu hilo. Wewe mtumwa wangu utatufagilia mkeka." Watu wakacheka. Pili akacheka meno tu. Akasema, "Wote humu nawapindua. Wewe peke yako unakaza, kwa roho mbaya."

"Roho mbaya?" Nasra akageuka kwa wasichana. "Hebu mwambieni. Wanakuangukia, wewe! Nani atamkaza mama wa watu aliyetoka kumpa shikamoo mlangoni? Utadhani wamekuja kukulaza usingizi!"

Watu walicheka kidogo tu. Pili akamtazama Prisca. "Kweli?"

Prisca akashika mkanda wake na kuuangalia. "Samahani, mama. Ningekukazaje? Wewe sawa na mama yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, mama."

Mtu mwingine asiye mtani wake asingethubutu kumwambia vile. Nami nilikuwa nimeona, sitaki kujifanya malaika, ila nilidhani anajua. Tulirudi nyumbani akiwa ameshika koti lake mkononi kama nguo ya mtu mwingine. Wasichana wale walikuwa wamempa heshima kila jioni, na heshima ile ilikuwa imemla.

Siku mbili hakugusa cherehani. Siku ya tatu, alfajiri, alikwenda sokoni, akamkuta Nasra anapanga mikungu ya ndizi. Akamwambia, "Nifundishe."

"Utanipa nini?"

"Sina cha kukupa."

"Basi utanibebea mafenesi," Nasra akasema, na Pili akambebea kweli, fenesi begani, fundi mzima. Baada ya hapo wakawa wanakwenda ghalani kabla ya soko kuchangamka.

Nilikwenda nao mara moja kwa udadisi. Pili alikuwa chini, Nasra juu yake amepiga magoti. "Unaogopa kunivuta," Nasra akasema. "Unanisukuma kwa mikono huku unataka kunikata kwa miguu. Mtu ukimsukuma anakaa vizuri zaidi. Nivute! Nikulalie mpaka usikie nilichokunywa asubuhi."

"Harufu yako siitaki."

"Utaitaka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sogeza kiuno. Tena! Kiuno hicho, au umekishonea kwenye godoro?"

Alimfundisha bila kumficha kitu. Alimwonyesha jinsi ya kuushika mkono wa koti ili mpinzani akikosa mizani asipate pa kujiegemeza, alimwonyesha hata udhaifu wake mwenyewe, kwamba goti lake la kulia huwa jepesi. Mtu mwingine angeshukuru. Pili aliniambia njiani, "Afadhali angekuwa mchoyo. Sasa ana mkasi na ana roho nzuri, mimi nina nini?" Nilijua hapo kwamba kidonda hakijapona, kimebadilisha bandeji tu. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na Pili alikuwa amekonda kweli. Nilimwona akipunguza sketi yake kiunoni kwa mshono mpya.

Jumamosi ya mashindano akina mama walijaa kwenye mabenchi, khanga mabegani, mabinti wao wamekaa chini mbele yao. Nilibanwa mwisho kabisa.

Nasra alianza chini. Akavuta, akasogea, akakata. Pili akayumba lakini akapata pa kuweka mkono, akarudi katikati. Nasra akajaribu tena, akakosa. Akakata mara ya tatu kwa nguvu zote, hata mshipa wa shingo ukamtoka, na Pili akabaki juu ya magoti yake. Mwalimu akapiga makofi, muda umekwisha, badilishaneni.

Pili akalala chali. Akafunga gadi. Nilimwona amefumba macho kidogo. Akashika kola aliyoishona mwenyewe, akashika mkono wa koti, akafungua miguu, na kiuno kikatoka pembeni kama inavyotakiwa. Halafu akamvuta Nasra. Alimvuta hasa, mpaka nyuso zao zikagusana na uzito wote wa yule mwanamke ukamwangukia kifuani. Miguu ikakata. Nasra alitafuta pa kuweka mkono, hakupata, mkono ulikuwa umeshikwa. Akapinduka mzimamzima na turubai likalia.

Vigelegele vilipasua mabati. Nami nilipiga, mimi nisiyejua kupiga vigelegele. Pili alikuwa amekaa juu ya tumbo la Nasra anahema, jasho linamdondoka. Alikuwa amepata. Angenyamaza pale, leo ningekuwa nawasimulia habari nyingine.

Akawageukia akina mama, akasema kwa sauti, "Na nyie mlitaka kumpa huyu watoto wenu? Tumbo halijabeba hata panya, atajua nini cha watoto wa watu?"

Waliojua kwamba ni watani walicheka. Wengine wakaangalia chini. Nasra, pale chini, akacheka pia, maana mtani afanye nini kingine? Akasema, "Haya, mtani." Akainuka, akanyoosha koti lake, akampigia makofi pamoja na watu.

Utani hauna baraza la kushtakia. Ukisema umeumia, umejiaibisha. Lakini kila mtani anajua kanuni ambayo hatuisemi: anayetania hucheka yeye kwanza. Pili hakuwa anacheka. Mimi nilimwona kutoka mwisho wa benchi, na Nasra alikuwa chini ya uso wake.

Njiani nikamwambia, "Dada, lile la tumbo halikuwa la utani." Akasema watani hawakasirikiani, mimi ni wa kuja, sijui mila za watu. Kwetu ni Mlali, hapo chini ya mlima, lakini siku ile nilikuwa wa kuja.

Darasa akalipata, na wakawa watoto zaidi ya wanane. Wanamwita mwalimu. Anafundisha vizuri, sitamnyima haki yake. Anawaambia vuteni kwanza, vuteni kwanza, mpaka wanaimba. Wiki ile ya kwanza alikuwa akiimba naye cherehanini, akanipa hata nafasi ya upande wa barabarani kwa nusu siku.

Jumanne tukaenda mazoezini kama kawaida. Nasra akaingia, akapita mbele yetu, akainama kidogo. "Shikamoo, mwalimu."

Pili akacheka, akasubiri tusi linalofuata. Halikuja. Nasra alikuwa amesimama anasubiri marahaba yake. Mwishowe Pili akaitika.

Wakapangwa pamoja. Pili akafunga gadi, akavuta, akakata, na Nasra akaenda chini. Mara moja tu, laini, bila kutafuta pa kuweka mkono. Pili akarudi chini. "Tena," akasema. Wakarudia. Nasra akaanguka tena, mwepesi vilevile.

"Kaza," Pili akamwambia.

"Nakaza, mama."

"Hukazi! Kaza, mchawi wewe, ukoo wenu wote hauna mfupa!"

"Sawa, mama," Nasra akasema kwa adabu zote, na alipovutwa akaanguka.

Mwalimu akabadilisha watu. Pili akaja kukaa kwenye benchi ubavuni kwangu, koti limemlegea. Upande wa pili wa ghala Nasra alikuwa ameingia kwenye gadi ya Prisca. Prisca anavuta, Nasra anakaza, wote wawili wamewiva nyuso, na Nasra anampigia kelele kwamba miguu yake ni laini kama figiri za kwao, avute, avute kama mtu aliyekula! Prisca akapiga kicheko akapoteza nguvu, wakaanza upya.

Pili aliwatazama muda mrefu. Niliujua uso ule, nilikuwa nimeuona kila siku tangu Nasra aingie ghalani, ila safari hii haukumwangalia Nasra. Ulimwangalia yule binti aliyekuwa amelala chini yake.

"Nasra anamkaza Prisca," akaniambia, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.